"Juu" si "juu ya": Miamba ya Meru na Embu inavyotaja umri wake

Mwalimu mmoja wa shule ya upili katika Kaunti ya Embu ameniletea sentensi ya mwanafunzi wake, akitaka rai yangu. Sentensi yenyewe ni hii: "Miamba ya juu ni michanga kuliko miamba ya chini." Mwalimu huyu hufundisha Jiografia kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida nchini, lakini aliwaomba wanafunzi wafafanue somo la miamba kwa Kiswahili ili ajue nani ameelewa na nani amekariri tu. Sasa amekwama. Je, aipe sentensi hiyo alama au aikate?

Jibu langu ni kwamba inategemea "juu" ni juu gani. Katika Kiswahili neno hili hufanya kazi mbili ambazo aghalabu hatuzitenganishi. Tunaposema "Meru iko juu, Tharaka iko chini", tunazungumzia mwinuko wa nchi. Tunaposema "kitabu kiko juu ya meza", tunazungumzia kitu kulalia kingine. Katika mazungumzo ya kila siku haidhuru kitu. Katika elimu ya miamba inadhuru, tena sana. Na hapa kwetu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, yeyote atakayezichanganya "juu" hizi mbili ataikosa historia ya nchi yake kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Tabaka na mashapo

Tuanze na msamiati. Neno la msingi ni tabaka, la ngeli ya LI-YA: tabaka hili, matabaka haya. Tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake huko unahusu kitu kukaa sawasawa juu ya kingine, kama kifuniko juu ya chungu. Wengi wetu tumelizoea katika siasa na fasihi: tabaka la juu, tabaka la chini, mgongano wa matabaka. Hapo "juu" ni hadhi. Kwenye miamba hakuna hadhi. Kuna swali moja tu: nani alitangulia kulala hapa?

Neno la pili ni mashapo, yaani yale yanayobaki chini kitu kikitulia, kama ungaunga wa kahawa kikombeni. Hebu fanya jaribio hili na watoto nyumbani. Chukua chupa inayopitisha mwanga. Tia udongo mwekundu wa shamba la kahawa kule Runyenjes, tia na mchanga kutoka mto mkavu wa Mbeere, ongeza maji, ufunge kizibo na utikise. Kisha iweke mezani usiiguse. Mchanga utatua kwanza, kwa sekunde chache. Utafuatwa na chembe za kadiri. Udongo laini kabisa utachukua saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Ukitazama utaona mistari imelala chali. Siku ya pili mimina taratibu maji mengine yenye udongo. Tabaka jipya litakaa juu ya yale ya jana. Haliwezi kuingia chini yake, kwa kuwa nafasi ya chini imekwisha kushikwa.

Hiyo ndiyo kanuni nzima. Aliyeiandika rasmi alikuwa Mdenmaki aitwaye Niels Stensen, anayejulikana zaidi kwa jina la Kilatini Steno, mwaka wa 1669 alipokuwa akiishi Florence nchini Italia. Alisema kwamba wakati tabaka la chini lilipokuwa linaundwa, yale yaliyo juu yake hayakuwapo bado. Aliongeza kwamba matabaka ya mashapo huanza yakiwa yamelala sawa, kwa hivyo ukiyakuta yamesimama wima au yamepinda, ujue kuna jambo lililoyapata baadaye.

Umri usio na miaka

Angalia kwamba Steno hakutaja mwaka wowote. Alichotoa ni mfuatano: hili kabla ya lile. Wataalamu hutofautisha umri wa aina hii na umri unaohesabiwa kwa miaka. Mimi napendekeza tuuite umri linganishi, kwa sababu unapatikana kwa kulinganisha.

Wasomaji wa Meru na Embu hawahitaji kufundishwa wazo hili na mtu yeyote, maana wazee wao waliishi nalo. Mzee wa zamani ukimwuliza alizaliwa lini, hakukutajia mwaka. Alikutajia rika lake, yaani wale aliotahiriwa pamoja nao, na papo hapo kila aliyeketi pale akajua nani amwamkie nani kwanza. Rika halisemi miaka mingapi. Linasema nani alitangulia. Vivyo hivyo nyumbani: tunamjua kifungua mimba na kitinda mimba bila kutafuta cheti cha kuzaliwa. Mwanajiolojia anayetazama ukingo wa mto uliochongwa na maji anafanya kazi ya mzee anayepanga marika.

Nina tahadhari moja ya lugha hapa. Kusema "mwamba mchanga" kwa maana ya mwamba usio wa kale kunaleta utata, kwa sababu mchanga ni ule wa kujengea pia. Mwanafunzi anaweza kudhani unazungumzia mwamba uliotokana na mchanga. Afadhali tuseme "mwamba wa baadaye" na "mwamba wa awali". Maneno haya yanabeba mfuatano bila kumbabaisha mtu.

Kutoka Embu hadi Mbeere

Sasa tuipeleke kanuni mlimani. Mlima Kenya, ambao Waembu na Wakikuyu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimara, ni volkeno iliyozimika. Ulikuwa ukitema lava kati ya takriban miaka milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Lava ilimwagika, ikapoa, ikawa mwamba. Muda ukapita. Mvua ikauozesha uso wa mwamba huo ukawa udongo, mimea ikaota. Kisha mlima ukatema tena, lava mpya ikafunika ile ya zamani pamoja na udongo wake. Lava si mashapo, lakini nayo hutii kanuni ileile: iliyo juu ya nyingine ilikuja baadaye.

Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes na Chuka hukata mabonde mengi yenye kina, likiwemo la mto Thuci na la mto Nithi. Mabonde hayo ni kama visu vilivyokata keki. Nikisafiri huko huwa natazama kuta za barabara kuliko magari. Mahali lava moto ilipofunika udongo, udongo huo hukaangika ukawa mwekundu kama tofali la tanuri. Ukiona mkanda mwekundu namna hiyo umebanwa kati ya mawe meusi, jua unatazama uso wa nchi ya zamani, ambapo mvua ilinyesha na majani yakaota kabla ya moto wa pili kufika.

Badala ya kwenda Meru, shika njia ya Mbeere. Mji wa Embu upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,350 na umejengwa juu ya mazao ya volkeno. Ukiteremka kuelekea mashariki na kusini, udongo mwekundu wenye rutuba unapungua, mchanga unaongezeka, na mawe yanabadilika sura. Sasa ni mawe yenye mistari ya weupe na weusi, mengine yana vijipande vyembamba vinavyong'aa juani. Hiyo ni miamba geu: miamba ya kale iliyozikwa kwa kina kirefu, ikapashwa joto na kukandamizwa hadi ikageuka umbo. Mmojawapo huitwa naisi. Ni sehemu ya mkanda mrefu wa miamba unaoshuka mashariki ya Afrika hadi Msumbiji, na umri wake unazidi miaka milioni 500.

Kwa hivyo msafiri anayeteremka kutoka Embu hadi Mbeere anatoka kwenye mwamba wa baadaye na kuingia kwenye mwamba wa awali. "Ahaa," atasema mwanafunzi wetu, "nilisema! Wa chini ni wa kale." Asubiri kidogo. Huko huko Mbeere kuna mlima Kiang'ombe, wenye kimo cha takriban mita 1,800. Uko juu kuliko mji wa Embu kwa mamia ya mita, lakini miamba yake ni ya lile kundi la kale. Ungekuwa mwinuko ndio kipimo, Kiang'ombe kingekuwa mdogo wake Embu. Kumbe ni babu wa mababu.

Lava ya Embu ni ya baadaye kwa sababu imelala juu ya naisi, wala si kwa sababu mji uko juu. Ukichimba chini ya lava kwa kina cha kutosha, utaikuta naisi. Naisi ya Mbeere inaonekana kwa macho kwa sababu haikufunikwa na lava, au ilifunikwa kisha kifuniko kikamomonyolewa.

Mahali lava inapokutana na naisi pana jambo la kustaajabisha. Unaweza kuweka kiganja kimoja juu ya mwamba wa miaka milioni tatu na kingine kwenye mwamba wa zaidi ya miaka milioni 500. Kati ya viganja hivyo viwili kurasa nyingi mno zimechanika. Hazikuandikwa, au ziliandikwa zikafutwa na mvua na mito. James Hutton wa Scotland aliona pengo kama hilo mwaka wa 1788 ufukweni Siccar Point, matabaka yaliyosimama wima yakiwa yamefunikwa na mengine yaliyoinama kidogo tu, akatambua kwamba dunia ina umri mkubwa kuliko watu wa zama zake walivyodhani.

Mahali kanuni inapohitaji msaada

Kanuni ya Steno ina masharti, na mlima wetu unayaonyesha yote.

Kwanza, kuna mwamba unaopenya. Batian, kilele cha mita 5,199, si kinywa cha volkeno wala si lava ya mwisho iliyomwagika juu ya nyingine. Ni koromeo. Mawe yaliyoyeyuka yaliganda ndani ya koo la volkeno, kisha barafu na maji yakabomoa sehemu ya nje iliyolifunika, likabaki limesimama peke yake. Mwamba huo ulipenya kati ya miamba iliyokuwapo, kwa hivyo ni wa baadaye kuliko ile inayouzunguka, hata kwa sehemu zilizo kando yake na zilizo juu kuliko mizizi yake. Hapa tunatumia kanuni nyingine: kinachokata ni cha baadaye kuliko kinachokatwa. Huwezi kupasua kuni ambazo bado hazipo.

Miongoni mwa miamba ya mlima huo kuna mmoja ambao wapenzi wa lugha wanapaswa kuujua. J. W. Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyefika kwenye barafu ya mlima mwaka wa 1893, aliupa jina mwaka wa 1900 akilitoa kwenye jina la mlima wenyewe: kenaiti. Baadaye mwamba wa aina hiyo ulipatikana kisiwa cha Ross huko Antaktika, kwenye volkeno ya Erebus. Basi katika nchi ya barafu tupu kuna mawe yanayoitwa kwa jina la mlima wetu.

Pili, kuna kilichomo ndani. Ukiona zege lililovunjika, kokoto zilizomo zilikuwapo kabla ya zege. Kwenye mazao ya volkeno mara nyingi utakuta mawe makubwa yamebebwa ndani ya majivu na tope lililoganda. Mawe hayo ni ya awali kuliko tope lililoyakumbatia.

Tatu, kuna kilichopinduliwa. Miamba ya Mbeere na Tharaka imekunjwa kama blanketi. Mahali blanketi linapokunjwa, upande wa chini unaweza kuwa juu. Huko "juu ya" peke yake haitoshi. Inabidi kufuatilia mkunjo wenyewe kabla ya kusema nani alitangulia.

Kwa hivyo sentensi ya mwanafunzi nimeisahihisha hivi: "Tabaka lililolala juu ya jingine ni la baadaye, maadamu matabaka hayo hayakupinduliwa." Aliyeandika ya kwanza apewe nusu ya alama, kwa sababu alishika wazo lakini lugha ilimponyoka.

Maji yako chini ya nini?

Pengine msomaji anaona haya ni mambo ya mtihani tu. Sivyo. Niliwahi kuketi katika mkutano wa kikundi cha akina mama huko Mbeere waliokuwa wamechanga pesa za kisima. Mtaalamu waliyemlipa alikuwa amechimba kwa mashine, hakupata maji ya maana, na sasa alitaka waongeze pesa. Hoja yake ilikuwa fupi: "Maji yako chini. Tuendelee chini." Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Chini ya nini?" Hakujibiwa.

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Kwenye nchi ya volkeno, kama Meru mjini au Embu ya juu, maji ya ardhini mara nyingi hupatikana kwenye zile nyuso za zamani kati ya lava na lava, au pale lava ya mwisho inapoilalia naisi. Mchimbaji akipita tabaka moja kavu, ana sababu ya kutarajia mpaka mwingine chini yake. Kwenye naisi mambo ni tofauti. Maji hukaa hasa katika sehemu ya juu iliyooza na katika nyufa. Ukishapita hapo ukaingia kwenye mwamba mzima usio na ufa, kila mita unayoongeza inaweza kuwa ni pesa tu inayozama. Kwa hivyo "chini" ya Meru na "chini" ya Mbeere si moja. Anayelipa kwa mita ana haki ya kuuliza: chini ya tabaka gani, na tunatarajia kukutana na nini? Akikosa neno tabaka, swali hilo atalikosa pia, hata kama pesa ni zake.

Miaka ilipatikanaje?

Nimetaja mamilioni ya miaka, na msomaji makini atauliza yalihesabiwaje ikiwa matabaka hutoa mfuatano tu. Ndani ya lava mna potasiamu, na sehemu ndogo yake hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni kwa mwendo unaojulikana. Lava ikiwa imeyeyuka, gesi hiyo hutoroka. Ikiganda, hunaswa. Kwa kupima argoni iliyonaswa, wataalamu hukadiria muda uliopita tangu kuganda. Saa hii ilikuja kusaidia kanuni ya Steno, haikuja kuifukuza. Kipimo kikisema tabaka la chini ni la baadaye kuliko la juu, na hakuna dalili ya mkunjo wala mpenyo, mtaalamu hukishuku kipimo kwanza.

Tope nalo lina kumbukumbu. Upande wa Meru, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300, kuna ziwa dogo la kreta ambalo katika maandishi ya kisayansi huitwa Sacred Lake. Miaka ya 1960 mtafiti J. A. Coetzee kutoka Afrika Kusini alichunguza tope la chini ya ziwa hilo, tabaka kwa tabaka, akitafuta chavua, yaani ule unga wa maua. Tope hilo lilirudi nyuma zaidi ya miaka 30,000. Leo ziwa limezungukwa na msitu mnene. Katika matabaka ya zamani chavua ilikuwa ya nyasi na vichaka vya baridi ambavyo leo humea juu zaidi mlimani. Aliyesoma matabaka hayo alijua kwamba enzi za baridi kali mimea ya mlima ilishuka takriban mita 1,000.

Na matabaka hayajaacha kuundwa. Mto Rupingazi unapita Embu ukielekea mto Thiba, nao Thiba unaingia kwenye bwawa la Kamburu, lililokamilika mwaka wa 1974 katika mto Tana. Kila msimu wa mvua mito hii huwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba yetu. Maji yakifika bwawani hutulia, na udongo hutua kama ulivyotua kwenye ile chupa: mchanga kwanza, laini baadaye. Kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000, chini kuliko Kiang'ombe, chini kuliko Embu, chini kuliko Batian, limelala tabaka la baadaye kuliko yote niliyoyataja. Limelala juu ya naisi, kwa hivyo kati yake na jirani yake wa chini kuna pengo la mamia ya mamilioni ya miaka.

Mwanajiolojia wa siku zijazo akilikata tabaka hilo atasoma kwamba kulikuwa na watu waliolima miteremko mikali, na atapima unene wake ajue waliuacha udongo wao uende kwa kasi gani. Mkulima wa Manyatta anayechimba matuta na kupanda nyasi kando ya shamba anaamua unene wa tabaka hilo sasa hivi, mvua hii hii.